Raba Nyeupe Zilizotembea Andalus

Walisema mtoto wa lifti hawezi kuongoza watu mlimani. Walisema hivyo pale sokoni Lushoto, mbele yangu, kana kwamba mimi ni gunia la viazi lisilosikia. Mmoja alidai ameniona nikipumzika mara mbili kwenye ngazi za kanisa. Mwingine akasema mtu aliyekulia kwenye kiyoyozi akipelekwa msitu wa Magamba atarudishwa na homa. Na chuo je? Nacho walisema nitakiacha kabla ya muhula wa kwanza kuisha.

Leo stashahada yangu ya uongozaji watalii imetundikwa ofisini kwangu, ndani ya fremu ya kioo, mahali ambapo kila anayeingia ataiona hata kama hakupanga kuiona. Nina gari langu. Nina vijana wanne ninaowalipa mshahara, wawili kati yao watoto wa wale wale wa sokoni. Na katika miaka yote niliyopandisha wageni kwenye milima ya Usambara, hakuna hata mmoja aliyeshushwa kwa machela. Ninajisifu, ndiyo. Nilijisomesha kwa mikono yangu, na sioni kwa nini nisimulie kwa sauti ya chini.

Lakini kuna jambo moja ambalo wageni wangu hawalitegemei. Asubuhi, kabla hatujapiga hata hatua moja, ninawaketisha kwenye benchi nje ya ofisi na kuwaomba wavue viatu na soksi. Natia mkono ndani ya kila kiatu. Natazama kisigino, unyayo, katikati ya vidole. Mama mmoja wa Kidachi aliniuliza kama hiyo ni mila ya Wasambaa. Nikamjibu ndiyo, kwa sababu jibu la kweli lingetuchelewesha hadi jua kali.

Jibu la kweli liko kwenye harufu. Soksi yenye unyevu, mpira mpya, gundi ya soli: hivyo vikichanganyika vikapanda puani, mimi si mkurugenzi tena. Nina miaka kumi, niko Dubai, nimeshika tochi, na mbele yangu kuna miguu ya mwanamke mzee ndani ya beseni. Watu wengine utoto wao unanukia maandazi. Wangu unanukia soksi, na nitawaambia kwa nini.

Tulikuwa tukiishi Karama, mtaa mmoja wa Dubai, mama na mimi, katika chumba kimoja cha fleti yenye vyumba vitatu. Baba alifariki nikiwa mdogo mno kumkumbuka. Chumba cha pili kilikuwa cha anti Shiru, Mkenya wa Nyeri aliyekuwa akitandika vitanda hotelini, na mwenzake Nakato, Mganda wa saluni. Cha tatu kilikuwa cha Otieno, mlinzi, na mkewe. Jiko lilikuwa moja, choo kimoja, na foleni ya asubuhi ilikuwa na sheria kali kuliko za uwanja wa ndege.

Kwa karatasi, mama alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya sir. Kwa kazi yenyewe, alikuwa mwangalizi wa Hajja, mama mzazi wa Madam, mke wa sir. Hajja alizaliwa Unguja, akaondoka akiwa msichana, na uzeeni alirudia Kiswahili kuliko lugha nyingine yoyote. Ndiyo maana Madam alitafuta Mtanzania. Visa ya mama ilishikwa na kampuni ile. Visa yangu ilishikwa na ya mama. Shule yangu ilishikwa na visa yangu. Hata mtoto wa miaka kumi aliiona kamba hiyo na kujua kwamba ikikatika juu, wote tutajikuta chini.

Hajja alikuwa na ugonjwa wa sukari. Nilipotoka shule nilipelekwa kwao, nikafanya kazi zangu za darasani kwenye meza ya jikoni, na baada ya magharibi kazi yangu ya pili ilianza. Mama alileta beseni la maji ya vuguvugu, akiyapima kwa kiwiko kama ya mtoto mchanga. Aliosha miguu ya Hajja, akaikausha kwa taulo jeupe, kidole kimoja baada ya kingine, akiingiza ncha ya taulo katikati. Kisha alichukua kioo kidogo cha mkononi, akakipitisha chini ya nyayo huku mimi nikimulika.

Alinieleza kwamba mguu wenye sukari haupigi kelele. Unaumia huku mwenyewe anacheka na watu. Kwa hiyo lazima utazamwe kila siku, na mtu mwenye macho.

Siku moja, Hajja akiwa amelala mchana, nilimkuta mama jikoni amejichoma kidole kwa kile kidude cha Hajja cha kupimia sukari na kuweka tone la damu kwenye kipimo. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea Hajja namba kila jioni, basi nikaisogelea nikaisoma kwa sauti, nikijivuna kama kawaida yangu. Ilikuwa kubwa kuliko zote nilizowahi kuzisoma. Mama alikizima kipimo haraka na kukirudisha kwenye mkoba wake.

“Hii ni yetu wawili, Yona,” alisema.

Sikuuliza kwa nini, maana nilijua. Sote katika fleti tulijua. Otieno alikuwa ametusimulia, akiwa amekaa kwenye ndoo jikoni akimenya vitunguu, habari za kijana wa kwao aliyekwenda kupimwa ili visa yake iongezwe muda.

“Walimpata na sukari,” alisema Otieno. “Khalas, kwisha. Hiyo wiki haikuisha, alikuwa kwa ndege.”

Mkewe alitikisa kichwa. Nakato akasema naye amesikia hivyo hivyo saluni. Shiru akasema hotelini kwao kuna mwanamke hali sukari hata kwenye chai wiki nzima kabla ya kupimwa, na anapita. Hivyo ndivyo sheria zilivyotufikia Karama: kupitia vitunguu, kupitia chai, kutoka kwa mtu aliyemjua mtu. Hakuna aliyesoma karatasi. Na visa ya mama ilikuwa iongezwe muda mwezi Mei.

Mwezi Machi Hajja alisema anataka kuiona Andalus. Alikuwa ameisikia tangu utotoni kutoka kwa baba yake: majumba, bustani, msikiti wenye nguzo zisizohesabika. Miguu yake ilikuwa imechoka, lakini macho bado, na alitaka kuyatumia. Sir na Madam walikubali kwenda naye wakati wa likizo ya shule, huko kusini mwa Hispania, ambako walisema majira hayo hakuna joto wala baridi kali. Mama angemsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Na mimi? Hajja ndiye aliyenitaka. Alisema anahitaji mtu wa kumsomea vibao kwa Kiswahili. Nimewaambia ninajisifu, basi pokeeni na hili: nilikuwa mwongoza watalii nikiwa na miaka kumi, kwa kuchaguliwa na mteja mwenyewe.

Kule Karama hakuna aliyesafiri na vitu vyake peke yake. Anayeondoka aliazimwa na jengo zima, na desturi ilikuwa kwamba kitu kirudi na kitu ndani yake, hata kama ni peremende mbili. Otieno alitoa begi lake la magurudumu. Nakato alitoa koti. Madam alikuwa ameagiza kila mtu awe na viatu vizuri vya kutembelea, kwa sababu huko barabara za zamani ni za mawe, na mama alikuwa na ndala na viatu vyeusi vya kazini vilivyokwisha soli. Mshahara wa mwezi ule ulikuwa umekwenda kwenye shule yangu.

Anti Shiru alitoka chumbani na raba nyeupe, bado zikiwa na karatasi ndani.

“Chukua, Mama Yona. Hizi raba ni mpya kabisa. Zinabana kidogo, lakini ukitembea zitapanuka.”

Zilikuwa namba thelathini na nane. Mama alivaa arobaini. Nililijua hilo kwa sababu mimi ndiye niliyetumwa kumnunulia ndala. Alizivaa pale koridoni, akatembea hadi mlango wa choo na kurudi, watu wakimtazama, Otieno akimwambia sasa amekuwa mwanariadha.

“Zimenikaa,” mama alisema.

Wote tulicheka kwa furaha. Mimi zaidi ya wote.

Mji wa kwanza tulioutembelea unaitwa Ronda. Umejengwa kwenye ukingo wa bonde refu, na daraja la mawe limeunganisha pande mbili. Nilisimama katikati ya daraja nikaona ndege wakiruka chini ya miguu yangu. Sijawahi kulisahau jambo hilo, kutazama mgongo wa ndege anayeruka. Nilimsomea Hajja kijitabu, nikitafsiri pale nilipoelewa na kutunga pale nisipoelewa. Sir alitangulia akipiga picha. Madam alitembea kando ya mama yake akimfunika mabega. Na nyuma yetu sote, mama alisukuma.

Kiti cha magurudumu kwenye sakafu ya duka la Dubai husukumwa kwa kidole. Kwenye barabara za mawe za Andalus ni kazi ya mtu anayelima. Mawe yale yamepangwa kwa ncha, yamesuguliwa na karne za watu, na kila gurudumu la mbele lilipoingia kwenye mwanya mama alilazimika kukiinua kiti kwa nguvu za nyonga, huku vidole vya miguu vikikandamizwa mbele ya raba. Sir alijitolea kumpokea mara moja. Mama alikataa kwa heshima, akasema hii ndiyo kazi yake. Jioni aliniambia barabara zile zinamkumbusha Lushoto, na kwamba Msambaa hachoshwi na mlima. Kisigino chake kilikuwa kimekuwa chekundu. Alikipaka mafuta ya Hajja, kidogo, kwa wizi.

Sevilla ilinukia maua ya michungwa. Mji mzima, hadi kwenye vituo vya basi. Michungwa ilipandwa kando ya barabara kama sisi tunavyopanda miti ya kivuli, na machungwa ya msimu uliopita yalikuwa bado yananing'inia hakuna anayeyagusa. Niliona huo ni upumbavu wa wazi. Nikachuma moja, nikalimenya, nikatia kipande kizima mdomoni, na uso wangu ukajikunja kiasi kwamba Hajja alicheka hadi Madam akaogopa atakosa pumzi. Machungwa yale ni machungu, ni ya kutengenezea jamu tu. Hata hivyo nilitia jingine kwenye mkoba niliokuwa nikiubeba, niwaletee watu wa fleti na kuona sura zao.

Siku hiyo ya Sevilla tulitembea kutoka asubuhi hadi alasiri. Tulipofika hotelini mama alivua raba na nikaona doa kwenye soksi yake, upande wa kidole kidogo, la rangi ya zambarau iliyokolea. Alisema ni rangi ya soksi imechuja kwa jasho. Soksi yenyewe ilikuwa nyeupe. Nilisimama pale nikifikiri juu ya hilo, naye akaifua kwenye sinki haraka haraka akiwa ananiimbia kitu cha kanisani.

“Inauma?” nilimuuliza.

“Haiumi hata kidogo,” alisema, na alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo lililokuwa baya.

Tukafika Kordoba, ambako ule msikiti wa zamani sasa ni kanisa kuu. Nilijaribu kuzihesabu nguzo, na kila nilipofika mbali Hajja aliniuliza kitu nikapoteza hesabu, hadi nikagundua anafanya makusudi. Juu ya nguzo kulikuwa na matao ya mistari, mwekundu na mweupe, mwekundu na mweupe, yakipotea gizani pande zote. Hajja alimwomba mama asimamishe kiti. Alitazama juu, machozi yakimshuka. Kisha alisema baba yake hakumdanganya.

Baadaye tulitoka kwenye ua wa michungwa. Sir na Madam walikwenda kununua maji. Mama alikwenda kutafuta choo, na Hajja alimtazama akivuka ule ua mpana, wenye mifereji midogo iliyochimbwa katikati ya mawe ili maji yafike kwenye kila mti. Mama alivuka mfereji mmoja, akayumba, akashika shina la mti, akaendelea.

“Mamako kafanya nini mguu?” Hajja aliniuliza. “Naona anachechemea.”

Niliiona kamba yetu: visa ya mama, visa yangu, shule. Nikasema ni viatu vipya.

“Viatu vipya humchubua mtu siku moja. Huyu namtazama tangu juzi.” Alinyoosha mkono wake mwembamba wenye bangili moja. “Akirudi mwambie aje avue hapa. Nimtazame.”

Nimesema nilikuwa mtoto mwepesi wa kujibu. Walimu walinisifu kwa hilo. Nilimwambia Hajja kwamba mama haumwi, ila ni mimi. Nilimkanyaga hotelini tulipokuwa tukicheza, nikiwa nimevaa viatu, na mama ananificha ili Madam asinigombeze. Niliinamisha kichwa kama mtu mwenye hatia. Hata sauti niliitetemesha.

Hajja alinitazama kwa muda. Kisha uso wake ukalegea, akanipiga kikofi chepesi shavuni.

“Basi ujifunze kutazama unapokanyaga, mwanangu.”

Mama aliporudi nilimkonyeza kwamba mambo ni shwari. Nilijiona mwanamume. Jioni nilipomsimulia alinivuta kifuani na kuniambia nina akili kama baba yangu, na sijui kama maishani mwangu nimewahi kupewa sifa iliyonifurahisha zaidi ya ile.

Mji wa mwisho ulikuwa Granada. Hajja alitaka kuliona jumba jekundu kutoka ng'ambo, kutoka juu ya mtaa wa zamani uliopanda mlima, ambako magari hayapiti. Mawe ya mtaa ule ni ya mviringo kama mayai, yametelezeshwa na mvua ya usiku. Mama alisukuma. Nilisukuma pamoja naye, nikiwa nimeweka mabega chini ya mpini, na uso wangu ukawa karibu na miguu yake. Raba za Shiru hazikuwa nyeupe tena. Ya kulia ilikuwa imetuna ubavuni, na kamba zake mama alikuwa amezilegeza hadi zikawa zinaburuta.

Kulikuwa na harufu. Nilidhani ni chungwa langu la Sevilla limeozea kwenye mkoba. Tuliposimama kupumzika nilitia mkono nikalitoa. Lilikuwa gumu, zima, linanukia vizuri. Nikalitupa hata hivyo. Harufu ilibaki.

Tulifika juu. Ng'ambo ya bonde jumba lilikuwa pale, minara na kuta, na nyuma yake milima yenye theluji, theluji ya kwanza maishani mwangu. Watu walikuwa wakipiga picha, kijana mmoja akipiga gitaa. Nilimsomea Hajja kila kitu, naye akanishika mkono. Mama aliketi kwenye ukuta mfupi, mgongo wake ukiwa upande wa jumba. Nilimwambia ageuke aone theluji. Akasema ameshaiona. Midomo yake ilikuwa mikavu na alikuwa akitetemeka ndani ya koti la Nakato, jua likiwa limewaka.

Jioni ile, hotelini, alileta beseni kama kawaida. Aliyapima maji kwa kiwiko. Akaosha miguu ya Hajja, akaikausha kidole kwa kidole, akapitisha kioo chini ya nyayo, na mimi nikamulika. Hapakuwa na hata mchubuko. Alimwambia Hajja kwamba miguu yake ni kama ya bibi harusi. Alikuwa amepiga magoti kwenye zulia, raba akiwa hajazivua, na mwanga wa tochi yangu ulikuwa kwenye nyayo za Hajja. Ningeugeuza kidogo tu. Sikuugeuza.

Siku mbili baada ya kurudi Dubai mama alianguka jikoni kwa Madam. Homa yake ilikuwa imempotezea fahamu. Hospitalini walikata raba kwa mkasi, kwa sababu haikuvulika, na muuguzi aliyekuwa karibu na mlango alinishika mabega na kunigeuza uso. Nilichoona ni ile raba ikitiwa kwenye mfuko wa njano na kufungwa. Mguu waliukata chini ya goti kesho yake.

Madam alilia kwa hasira. Aliniuliza, kwa Kiingereza, kwa nini tulimficha. Hajja hakuuliza kitu. Aliletwa kwa kiti chake hadi kando ya kitanda cha mama, akakaa, akamshika mkono, na alipokuwa anaondoka alinitazama mimi. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Kampuni ya sir ilitulipia matibabu na tiketi, na kabla shule haijafungwa tulikuwa Lushoto. Mwangalizi asiyeweza kusimama si mwangalizi. Kamba ilikatika ile ile tuliyoilinda, na mguu nao ukaenda. Tuliondoka bila kuaga vizuri; begi la Otieno tuliondoka nalo, koti la Nakato tuliondoka nalo. Sokoni wakaanza kuniita mtoto wa lifti, aliyekulia maghorofani, na mama akajifunza kutembea kwa mguu wa bandia kwenye njia zetu za udongo mwekundu. Akiulizwa juu ya Andalus alisimulia ndege, theluji na uso wangu nilipokula chungwa. Raba hakuzitaja hata mara moja.

Nilirudi Dubai nikiwa na miaka ishirini na mmoja, kupakia mizigo kwenye ghala moja Al Qusais, nikiwa nimejiapiza kwamba kila dirhamu itakwenda kwenye ada ya chuo. Wiki ya kwanza nilipelekwa kupimwa kwa ajili ya visa. Walinitoa damu. Walinipiga picha ya kifua. Mhudumu akanionyesha mlango.

Nikasimama. Nikamuuliza, na sukari je?

Hakunielewa, nikarudia. Alikuwa Mhindi mwenye haraka na foleni ndefu nyuma yangu. Alisema hapa wanatafuta maradhi ya kuambukiza, kifua kikuu na mengine ya namna hiyo. Nani anafukuzwa kwa sukari? Nusu ya watu wa mji huu wana sukari. “Yalla, mwingine,” alisema, na mwingine akanipita.

Nilikaa nje kwenye ukingo wa barabara, juani, hadi fomu yangu ikalowa jasho mkononi. Kijana wa kwao Otieno alirudishwa kwa kifua kikuu. Lazima ilikuwa kifua. Mtu alisema sukari, mwingine akasikia sukari, na sisi tukalinda siri ambayo hakuna aliyekuwa akiitafuta. Wakati nilipokuwa nikijisifu kwa uongo wangu wa Kordoba, hakukuwa na hatari yoyote niliyokuwa nikimkinga mama nayo. Kulikuwa tu na mkono wa bibi mzee mwenye bangili moja, na neno lake, nimtazame.

Nilikwenda nyumbani kwa Hajja siku yangu ya kwanza ya mapumziko. Alikuwa amefariki miaka mingi nyuma. Madam alinifungulia mwenyewe, akanikaribisha chai, na nikamweleza lile la ua wa michungwa. Alisikiliza hadi mwisho. Akaniambia mama yake alijua. Hajja alimwambia kwenye ndege kwamba yule mtoto amedanganya, na kwamba wakifika Dubai atamvua mama yangu viatu kwa nguvu. Lakini walipofika Hajja alikuwa amechoka na safari, akalala siku mbili.

Basi nikaanza kurudisha vitu. Otieno nilimpata Ras Al Khor, mlinzi bado, kwenye ghala la vipuri, nywele zimekuwa nyeupe. Begi lake nililijaza kahawa na asali ya kwetu. Nakato alikuwa amehamia Sharjah. Koti lake nilikuwa nimelifua na kutia mfukoni kanga. Wote walicheka wakasema walishasahau. Mimi sikuwa nimesahau.

Shiru ndiye niliyemwacha mwisho. Alikuwa Karama bado, jengo jingine, sasa ni msimamizi wa wale wanaotandika. Nilifika mchana wa Ijumaa nikiwa na raba nyeupe mpya, namba thelathini na nane, ndani yake nimetia peremende mbili. Alinikumbatia, akanishika masikio akisema nimekuwa mrefu kama mlingoti, akaniketisha kwenye kitanda cha mwenzake. Akacheka alipoona peremende. Kisha akazivaa, akasimama, akatembea hadi mlangoni na kurudi.

“Miguu imezeeka, imekuwa mipana,” alisema. “Zinabana kidogo. Lakini zitapanuka.”

Nilimwambia avue. Nadhani sauti yangu ilikuwa kali, kwa sababu aliacha kucheka. Alisema mimi ni nani nimekuwa askari wa viatu, zawadi ni zawadi. Nikapiga magoti nikafungua kamba mwenyewe, na nikiwa pale chini, nisipolazimika kumtazama usoni, nikamwambia. Namba thelathini na nane, namba arobaini. Vitunguu vya Otieno. Doa kwenye soksi. Ua wa michungwa na nilichokisema. Tochi. Mfuko wa njano. Alijua mama alikatwa mguu. Hakujua uliharibikia ndani ya raba zake.

Nilipomaliza nilikuwa bado nimeinama. Niliogopa kuinua kichwa. Niliona mkono wake ukishuka, ukavua soksi ya kulia, polepole, kisha ya kushoto. Akaweka mguu wake wazi juu ya goti langu.

“Basi nitazame,” alisema.

Nikatazama. Kisigino, unyayo, kisha katikati ya vidole, kimoja kimoja, kama nilivyofundishwa. Mguu ulikuwa mzima. Nikarudisha raba kwenye boksi, nikapanda metro kwenda dukani, na kabla jua halijatua nilikuwa nimemletea namba kubwa.